Udongo wa Chai si Udongo wa Maharagwe



Kila mwaka mvua za Machi zinapokaribia, na tena zile za Septemba, jambo moja huonekana katika kambi za mashamba makubwa ya chai na miwa hapa Uganda. Siku ya Jumapili, ambayo mchuma chai angestahili kuupumzisha mgongo wake, watu hutoka na majembe kwenda kwenye vipande vyao vya ardhi. Wengine wamepewa vipande hivyo na kampuni, pembeni mwa chai au nyuma ya nyumba za kambi. Wengine wamekodi kwa wenyeji. Wengine wanalima chini kabisa, karibu na mafunjo. Sababu inajulikana na kila mmoja wetu: mshahara ukinunua unga, hauna nguvu tena ya kununua maharagwe na mboga hadi mwisho wa mwezi.

Lakini jasho hilo la Jumapili mara nyingi hupotea bure. Mtu anatoa fedha zake, ananunua mbegu safi, anapanda kwa wakati, anapalilia mara mbili. Maharagwe yanatoka ardhini vizuri, halafu baada ya wiki tatu yanageuka manjano, yanadumaa, yanatoa maganda mawili matatu yenye punje nyembamba. Hapo lawama huanza. Mwenye duka aliuza mbegu mbovu. Jirani ana jicho baya. Mke hakupalilia sawasawa. Mara nyingi hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye kosa. Sababu iko chini ya miguu ya mkulima mwenyewe, nayo ni udongo asioujua.

Katika makala hii tunataka kueleza namna mfanyakazi wa kawaida, asiye na maabara wala fedha za kumlipa mtaalamu, anavyoweza kuutambua udongo wa kipande chake kabla hajautupia mbegu. Tena tunataka kuonyesha kwamba jambo hili si la mtu mmoja mmoja peke yake. Yapo mambo ambayo chama chaweza kuyadai kwa niaba ya wote.

TUNALIMA UDONGO WA UGENINI

Wengi wetu hatukuzaliwa pale tunapofanya kazi. Katika kambi moja ya chai waweza kukuta Mkiga, Mtoro, mtu wa West Nile, na watu ambao wazee wao walitoka Rwanda, Burundi au Kongo. Kila mmoja alikuja na ujuzi wa kilimo alioupata kwa baba na mama yake. Ujuzi huo ni wa kweli, lakini ulitokana na udongo wa kwao.

Tuchukue mfano wa ndugu aliyekulia Kisoro, chini ya milima ya Muhavura na Mgahinga. Kule udongo ni mweusi, umetokana na mawe na majivu ya volkeno, na maharagwe na viazi hustawi bila taabu nyingi. Ndugu huyu anahamia katika shamba la chai Bushenyi. Anaona ardhi ya kijani kibichi, mvua nyingi, chai iliyonawiri mpaka kiunoni. Anajiambia: "Kama chai inastawi hivi, maharagwe yatanishinda wapi?" Anapanda kama alivyopanda kwao, na anapata hasara. Hakuwa mvivu wala mjinga. Alisoma udongo mgeni kwa macho ya nyumbani.

Kwa hiyo somo la kwanza halina gharama yoyote: waulize wenyeji. Kila watu waliokaa mahali kwa vizazi vingi wana majina ya udongo wao. Baganda, kwa mfano, huita udongo mweusi wenye rutuba liddugavu. Ule mwekundu huuita limyufumyufu. Wa changarawe na mawe ni luyinjayinja. Wa kichanga ni lusenyusenyu. Na pale mahali ambapo mazao hayakubali, ingawa kwa macho pafanana na pengine, hupaita lunnyo. Mtu aliyeambiwa kwamba kipande chake kiko kwenye lunnyo amekwisha kupata habari ambayo ingemgharimu msimu mzima kuigundua mwenyewe. Msalimu mzee wa kijiji kwa heshima, keti naye, umwulize: "Mzee, hapa zamani watu walikuwa wakilima nini, na nini kilikataa?"

KWA NINI CHAI HUPENDA PALE MAHARAGWE YANAPOKUFA

Sasa tueleze jambo linalowadanganya wengi. Mchai si mmea kama mahindi au maharagwe. Mchai hupenda udongo mchachu. Wataalamu hupima uchachu wa udongo kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni katikati, yaani si uchachu wala si magadi. Namba ikishuka chini ya 7, uchachu huzidi, na kila hatua moja ni mara 10. Udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 kuliko ule wa pH 6.

Chai hustawi vizuri penye pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Maharagwe hutaka karibu 6 au zaidi kidogo, na yakiwekwa chini ya 5 huteseka sana. Kabichi na vitunguu navyo havipendi uchachu. Mahindi huvumilia kidogo kuliko maharagwe, lakini nayo hupunguza mavuno.

Ni kitu gani hasa kinachoua maharagwe? Udongo wetu mwekundu una madini ya alumini kwa wingi. Udongo ukiwa si mchachu sana, alumini hiyo imelala, haidhuru. Uchachu ukizidi, alumini huyeyuka katika maji ya udongo na kuunguza ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi na minene, haiendi mbali kutafuta maji wala chakula. Mchai wenyewe haudhuriki. Huivuta alumini hiyo na kuiweka katika majani yake yaliyokomaa. Tena katika udongo mchachu mwekundu, fosforasi, ambayo ni chakula muhimu cha mizizi na punje, hushikwa na chuma na alumini, isiweze kufikiwa na mmea. Na vijidudu vinavyokaa katika vinundu vya mizizi ya maharagwe, ambavyo kazi yake ni kuvuta naitrojeni kutoka hewani, hudhoofika. Ndiyo maana majani huwa manjano.

Jambo jingine: kampuni hutia mbolea ya chumvichumvi katika chai mwaka hata mwaka, na nyingi ya mbolea hizo zina ammonia. Mbolea za namna hiyo, hasa salfa ya ammonia, huongeza uchachu polepole. Kwa hiyo mfanyakazi akipewa kipande ambacho chai ya zamani iling'olewa, asifurahi upesi akidhani amepata ardhi iliyolishwa mbolea miaka 30. Huenda amepata ardhi iliyo chachu kuliko ilivyokuwa kabla ya chai.

KILIMA KIMOJA, UDONGO WA AINA NYINGI

Kosa jingine ni kudhani kwamba udongo wa eneo zima ni mmoja. Miaka ya 1930 alikuwapo mtaalamu mmoja wa udongo, G. Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika. Alipotembea katika nchi za Afrika Mashariki aliona kwamba udongo hubadilika kutoka juu ya kilima hadi bondeni, na kwamba mpangilio huo hujirudia kilima baada ya kilima. Mwaka 1935 aliupa mpangilio huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wataalamu wa udongo duniani kote hulitumia jina hilo mpaka leo.

Katika vilima vya Buganda mnyororo huo huonekana wazi. Juu kabisa, penye kichwa bapa cha kilima, kuna mwamba mgumu wa rangi ya kutu, na udongo ni haba, umejaa changarawe. Ukishuka ubavuni unakuta udongo mwekundu wenye kina kirefu. Hapa ndipo migomba na kahawa huonekana kwa wingi tangu zamani. Chini zaidi, karibu na bonde, udongo hubadilika kuwa wa kijivu, wa kichanga, uliooshwa na maji. Na bondeni kabisa ni matope meusi na mafunjo.

Basi, vipande vya wafanyakazi huwa wapi? Mara nyingi ubavu mzuri umekwisha kushikwa na chai au miwa. Mfanyakazi anabakiziwa kichwa cha kilima chenye mawe, au ule mchanga wa kijivu chini. Ni vizuri kujua uko kwenye pete gani ya mnyororo huo, kwa sababu kila pete ina mazao yake.

Na huko Toro, karibu na maziwa madogo ya volkeno yaliyoko pande za Fort Portal, kuna majivu ya volkeno yenye chokaa ndani yake. Udongo uliotokana na majivu hayo hauna uchachu mwingi kama ule wa mwamba wa kale ulioko mbali kidogo. Watu wawili wanaofanya kazi katika eneo moja waweza kuwa na vipande vyenye tabia mbalimbali kabisa. Dawa inayomfaa mmoja yaweza kumdhuru mwenzake. Kwa hiyo pima kwanza.

VIPIMO VISIVYO NA GHARAMA

Kwanza, kipimo cha mkono. Chukua konzi ya udongo, uuloweshe kidogo, uukande kama unga wa chapati, halafu uuviringe uwe kama nyoka. Ukikataa kabisa kuviringika, ni kichanga: maji hupita upesi, na mbolea huoshwa upesi. Ukiviringika lakini ukakatika unapoukunja, ni tifutifu. Ukikunjika mpaka ukafanya pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Lakini angalia: udongo wetu mwekundu una hila. Chembe zake za mfinyanzi zimeshikamana kwa kutu ya chuma, kwa hiyo mwanzoni hujifanya kama tifutifu. Uukande kwa dakika kadhaa kabla ya kukata shauri.

Pili, kipimo cha chupa. Tafuta chupa nyeupe ya kuonyesha ndani. Tia udongo mkavu uliopondwa, theluthi moja ya chupa, ujaze maji, utikise kwa nguvu, kisha uiweke mahali isipoguswa. Mchanga utatua chini kwa muda wa dakika moja hivi. Chembe za kati zitatua kwa saa kadhaa. Mfinyanzi utachukua siku nzima au zaidi. Kesho yake utaona matabaka, na utajua kipi ni kingi.

Tatu, kipimo cha shimo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yaishe, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikaa mpaka asubuhi, mizizi ya maharagwe itaoza hapo mvua zikikolea. Hapo panda magimbi, au inua matuta ya juu. Ulipokuwa unachimba, tazama pia rangi ya ndani: udongo mwekundu au wa kahawia ulio sawasawa ni dalili kwamba hewa hupita, wa kijivu wenye mabaka ya kutu ni dalili kwamba maji hutuama.

Nne, kipimo cha limau. Kamulia maji ya limau juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu na mlio mdogo, una chokaa. Usiuongezee chokaa wala majivu. Usipotoa povu haina maana kwamba ni mchachu sana. Ina maana tu kwamba hauna chokaa ya wazi.

Tano, angalia magugu. Pale panapoota kishona nguo chenye majani mapana ya kijani kizito, pana chakula. Pale palipofunikwa na lusenke, lile jani kali lenye mashuke meupe kama pamba, mara nyingi ardhi imechoka au huchomwa moto mara kwa mara. Na pale penye lile gugu refu lenye majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege, lisilotoa ua, shuku uchachu.

Sita, na hiki ndicho kipimo tunachokipendekeza kuliko vyote: mikebe ya maharagwe. Tafuta mikebe minne yenye ukubwa sawa, ya kuchukua kilo 2 hivi za udongo, uitoboe chini. Mkebe wa kwanza tia udongo wa kipande chako kama ulivyo. Wa pili tia udongo huohuo na kijiko kimoja cha chai cha majivu ya kuni, uchanganye vizuri. Wa tatu tia udongo huohuo pamoja na konzi mbili za samadi iliyooza. Wa nne tia udongo wa mahali unapojua kwa hakika kwamba maharagwe hustawi. Panda punje nne katika kila mkebe, mwagilia sawasawa, uweke mahali penye jua. Baada ya wiki tatu au nne ng'oa na ulinganishe mizizi na majani.

Kama mkebe wa majivu umeushinda sana ule wa kwanza, adui yako yawezekana ni uchachu, kwa maana majivu hayana naitrojeni. Kazi yao kubwa ni kupunguza uchachu, na kuongeza potasiamu pia. Kama wa samadi peke yake ndio ulioshinda, udongo wako una njaa. Kama yote mitatu imedumaa na wa nne umestawi, fikiri kubadilisha zao, au omba kipande kingine. Kwa punje 16 za maharagwe umeokoa mbegu za msimu mzima.

UKISHAJUA, UFANYE NINI

Ukigundua uchachu, njia ni mbili: ama uubadilishe udongo, ama uufuate kwa kuchagua zao linalouvumilia. Mihogo, viazi vitamu, viazi mviringo, kunde na mananasi huvumilia uchachu kuliko maharagwe. Mtu asiye na uhakika kama atakiacha kipande mwakani afadhali aanze na haya.

Anayetaka kuubadilisha udongo atumie chokaa ya kilimo akiipata, au majivu ya kuni. Kwa kipande cha mita 10 kwa 10, kilo 20 za majivu makavu, yaani karibu madebe mawili, ni kiasi cha kuanzia. Yatawanye sawasawa wiki mbili au zaidi kabla ya kupanda, uyachanganye na udongo kwa jembe. Usiyarundike penye shina wala juu ya mbegu. Usiyachanganye na samadi mbichi wala na salfa ya ammonia, kwa sababu ammonia itaruka hewani na fedha yako itaruka nayo. Usirudie kila msimu bila kupima tena. Majivu ya takataka za plastiki au ya mbao zilizopakwa rangi yasitumike kabisa. Siku ya upepo yanyunyizie maji kidogo kwanza, maana huwasha macho.

Ukigundua udongo wa kichanga, usimwage mbolea yote siku moja. Gawa mara mbili au tatu, kwani mvua moja kubwa huiosha. Karanga, viazi vitamu na mihogo hupenda udongo mwepesi wa namna hii. Ukiwa juu kilimani penye changarawe, usipoteze nguvu kuchimba kwa kina. Lundika maganda ya matoke, majani na mabaki ya jikoni katika mashimo machache, upande maboga humo. Penye mteremko, lima kukata mteremko, wala usilime kutoka juu kwenda chini, na ufunike ardhi kwa matandazo. Sehemu kubwa ya rutuba ya udongo wetu wa kitropiki iko katika tabaka la juu lenye mboji. Tabaka hilo likichukuliwa na maji, chini yake hubaki wekundu mtupu.

Maharagwe yanapoanza kutoa maua, ng'oa shina moja kwa uangalifu utazame vinundu katika mizizi. Kipasue kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi, vijidudu viko kazini. Vinundu vikikosekana, au vikiwa vyeupe ndani, rudi kwenye swali la uchachu na fosforasi.

MAHALI PA KUOGOPA

Ziko sehemu ambazo hata ukipewa bure, usikimbilie kupanda chakula.

Moja ni mabwawa ya mafunjo. Baadhi ya matope ya mabwawa yana madini ya salfa. Yakiwa ndani ya maji hayana neno. Yakikaushwa kwa mifereji, salfa hukutana na hewa na kugeuka tindikali kali, na ardhi iliyokuwa nyeusi na laini hukataa kila zao. Jambo hili liliwahi kutokea katika baadhi ya mabwawa ya Kigezi yaliyokaushwa, na wataalamu waliliandika miaka ya 1950. Tope likinuka kama yai bovu, au mabonge yake yakikauka na kutoa ungaunga wa manjano, jihadhari. Tena, kwa Katiba ya mwaka 1995, mabwawa hayo yako chini ya udhamini wa serikali kwa faida ya wananchi wote. Anayelima humo aweza kuondolewa wakati wowote, mazao yakiwa bado shambani.

Nyingine ni ardhi iliyopokea mabaki ya migodi na viwanda. Wenzetu wa Kasese wanalifahamu hili. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956 na ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki yake hayakuondoka pamoja na mishahara. Mvua iliyopita katika rundo la mabaki yenye salfa pale Kasese ilitiririka ikiwa tindikali yenye madini, ikaua majani katika ukanda ulioingia mpaka hifadhi ya Queen Elizabeth. Kwa sababu hiyohiyo, mfanyakazi wa mjini asipande mboga penye mafuta ya gereji, betri zilizovunjwa au majitaka ya kiwanda. Mboga za hapo zaweza kuonekana nzuri kwa macho huku zikiwa na madini ya sumu.

KAZI YA CHAMA

Sasa, ndugu zetu, tusiishie kwenye mikebe. Yapo mambo matano ambayo matawi yetu yaweza kuyaweka mezani wakati wa majadiliano na waajiri.

La kwanza ni majivu. Viwanda vingi vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni za mikalitusi. Majivu yake hurundikwa nyuma ya kiwanda. Viwanda vya sukari nako vina majivu ya makapi ya miwa, na matope yanayobaki maji ya miwa yanapochujwa, ambayo yana chokaa na fosforasi. Tawi liombe kwamba sehemu ya mabaki hayo igawiwe kwa wafanyakazi wenye vipande, kwa utaratibu ulioandikwa. Yasigawiwe kwa kujuana na msimamizi.

La pili ni upimaji. Kampuni zinazojali mazao yao hupeleka udongo wa chai maabara. Kuongeza sampuli chache za vipande vya wafanyakazi si mzigo mkubwa. Nchini kuna maabara ya udongo Kawanda na Chuo Kikuu cha Makerere. Hata bila kampuni, watu 10 wenye vipande katika ubavu mmoja wa kilima wanaweza kuchanga fedha wakapeleka sampuli moja. Namna ya kuichukua ni hii: chimba mahali 10 hadi 15 ukienda kwa mwendo wa kupindapinda, kina cha sentimita 20, changanya katika ndoo safi, chukua nusu kilo, ianike kivulini, uandike mahali na tarehe. Usichukue penye jalala, njia, au palipochomwa moto.

La tatu ni mahali pa vipande. Ikiwa mwajiri anahesabu kipande cha ardhi kuwa ni nyongeza ya mshahara, basi tuna haki ya kuuliza ni ardhi ya namna gani. Robo eka ya luyinjayinja si sawa na robo eka ya ubavu mwekundu. Mwakilishi aende akaione kwa miguu yake, na shimo lichimbwe, kabla ya kuikubali katika mapatano.

La nne ni muda. Udongo mchachu hauponi kwa msimu mmoja. Mtu akitia majivu, samadi na matandazo kwa misimu mitatu, halafu akahamishwa na kipande chake akapewa mwingine au kikapandwa chai, jasho lake limechukuliwa bila malipo. Kwa hiyo tudai kipande kikae na mfanyakazi kwa misimu inayojulikana, na akiondolewa kabla, alipwe mazao yaliyosimama na kazi aliyoifanya katika ardhi.

La tano ni akina mama. Katika kambi nyingi wao ndio wanaolima vipande hivi, na ndio wanaoujua udongo kuliko waume zao wanaoandikwa kwenye orodha. Kipande kiandikwe kwa jina la anayekilima, na akina mama wawepo katika kamati inayogawa ardhi.

Ndugu mfanyakazi, kama unangojea mvua za Machi, mikebe yako iwe imepandwa kabla ya Januari kwisha. Kama unangojea za Septemba, anza Julai. Siku mikebe itakapong'olewa, watu wa kambi wakutane, kila mmoja alete mizizi yake, ilinganishwe mbele ya wote na matokeo yaandikwe katika daftari la tawi: kipande kipi, udongo gani, zao gani lilikubali. Mfanyakazi mgeni akifika kambini mwakani asomewe daftari hilo kabla hajanunua mbegu.